Kusafisha mtaa ukabaki safi: mwongozo kamili kwa vikundi vya kujitolea Dar es Salaam

Tarehe 9 Desemba 2015, badala ya gwaride la Siku ya Uhuru, Watanzania walitoka na mafagio. Mwaka ule Dar es Salaam ilikuwa ikipambana na kipindupindu kilicholipuka mwezi Agosti, na haikuhitaji maelezo marefu mtu kuelewa uhusiano wa mtaro ulioziba na mgonjwa aliyelazwa. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi nchi nzima. Kwa hiyo siku ipo na watu wenye moyo wapo. Tatizo ni kwamba kona iliyosafishwa Jumamosi, ikifika Alhamisi imeshakuwa dampo tena.

Kwa ninavyoona, sababu kubwa ni mbili. Taka zilizozolewa zilirundikwa kando ya barabara zikisubiri gari ambalo halikuja. Na kabla ya kushika fagio hakuna aliyeuliza taka zile zinatoka kwa nani. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo mawili. Ni wa kikundi cha watu kumi hadi thelathini, kisicho na mfadhili, kinachotaka kuanza na mtaa wake. Mifano ni ya Dar es Salaam, lakini wa Mwanza, Tanga au Mbeya mtabadilisha majina ya ofisi chache tu.

Chagueni eneo dogo

Kishawishi cha kwanza ni kusafisha mtaa mzima. Msikubali. Chagueni kipande kimoja: mtaro wa mita mia, kona moja ya njia panda, uwanja mdogo ulio nyuma ya soko. Eneo zuri la kuanzia lina sifa tatu. Watu wengi wanapita hapo, ili mabadiliko yaonekane. Yupo mtu anayeshinda hapo kutwa: mama lishe, fundi viatu, vijana wa kijiwe cha bodaboda au Mangi wa duka. Na baadhi ya wanakikundi wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu, kwa sababu kazi kubwa itakuwa ya wiki zinazofuata, na mtu wa kupanda daladala mbili hatakuja kila jioni.

Kingo za mito waachieni vikundi vyenye uzoefu. Mto Msimbazi unateremka kutoka milima ya Pugu hadi baharini karibu na Daraja la Selander, na kila chupa inayotupwa kwenye mitaro ya maeneo unakopita ina njia ya wazi kuelekea Jangwani, kule ambako mvua kubwa hufunga Barabara ya Morogoro. Kusafisha kingo zake ni jambo jema, lakini taka za hapo zinatoka juu. Mkisafisha mtaro mmoja wa juu na ukabaki safi, mmeusaidia mto kuliko kuokota chupa kwenye matope yake kila mwezi.

Chunguzeni taka zinatoka wapi

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu. Tengeni wiki moja ya kuangalia tu, bila kuokota hata karatasi. Gawaneni zamu: mmoja apite alfajiri kabla watu hawajatoka kwenda kazini, mwingine mchana, mwingine usiku maduka yakishafungwa. Andikeni nani anatupa, saa ngapi na kitu gani. Msiandike majina ya watu. Andikeni aina: mpangaji, duka, kibanda cha chakula, mkokoteni.

Kisha tandikeni turubai, mwagieni viroba viwili vitatu vya taka za pale pale, mvae glavu na mzichambue. Taka zenyewe zitasema. Pampasi nyingi na maganda ya ndizi maana yake ni nyumba za jirani. Chupa za maji na vikombe vya plastiki ni wapita njia na abiria wa kituoni. Mabox na nailoni za kufungia bidhaa ni maduka. Mkaa uliozimika na mabaki ya ugali ni vibanda vya chakula. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo mkiikuta mingi, jueni kuna anayeiuza karibu, na hilo ni la kumweleza ofisa afya wa kata.

Kila chanzo kina dawa yake. Kama nyumba zinatupa kwa sababu gari la mkandarasi linapita wiki hii na wiki ijayo halionekani, hamna sababu ya kuwahubiria wapangaji. Nendeni mkadai gari. Kama wapangaji wanakwepa ada ya taka kwa sababu nyumba ina familia sita na kila moja inatozwa peke yake, kaeni na mwenye nyumba, aiingize kwenye kodi. Kama ni vijana wa mikokoteni wanaolipwa na majirani kubeba taka kisha wanazimwaga mtaroni usiku, msiwafukuze. Wale tayari wana kazi ya kuzoa taka na wana wateja. Wanachokosa ni mahali halali pa kuzipeleka, na mkiwatafutia kizimba au kontena lililo karibu watakuwa watu wenu wa kwanza.

Nendeni ofisini mapema

Anzieni serikali ya mtaa. Andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa mtaa kupitia kwa mtendaji, nakala kwa ofisa afya wa kata, mkitaja eneo, tarehe, saa, idadi ya watu na mnachoomba. Mjumbe wa eneo husika asisikie habari hiyo kwa watu. Mpitieni nyumbani kwake kwanza. Mkimpita mjumbe, hata kama hatawazuia, hatawasaidia siku mtakapomhitaji.

Ulizeni pia mtaro au barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa; za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Maji machafu yanayotoka kwenye bomba la majitaka ni ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, na yakionekana mtaroni msiingie humo hadi wayashughulikie. Ufukweni, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, kwa hiyo mkitaka kujenga hata benchi, ombeni kibali kwanza.

Halafu gari. Hapa ndipo kazi nyingi za kujitolea zinapofia. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, mbali na mitaa mingi, na kila safari inakula mafuta. Mkiambiwa "gari litakuja", hamjapata gari. Mmepata gari mnapokuwa na namba ya simu ya dereva, saa ya kufika na mtu wa ofisini anayejua kwamba ameahidi. Mpigieni dereva jana yake jioni na tena asubuhi. Kama hadi Ijumaa usiku hamna uhakika, ahirisheni. Ni afadhali kuwaambia watu thelathini wasubiri wiki moja kuliko kuacha lundo la tope lililotolewa mtaroni likirudishwa humo na mvua ya kwanza, jirani wakiwatazama.

Njia nyingine ni kupunguza mzigo wa kubebwa. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji yetu ni mabaki ya chakula na majani, vitu ambavyo mkivitenga vinaweza kuishia kwenye shimo la mboji. Chupa na vyuma vina wanunuzi. Mkichambua vizuri, toroli au guta (chombo cha mizigo cha matairi matatu) la kukodi linaweza kutosha kufikisha kilichobaki kwenye kontena la kata.

Watu na majukumu

Kundi la WhatsApp linatosha kuanzia, lakini majukumu yagawiwe kwa majina: mmoja wa vifaa, mmoja wa usalama na huduma ya kwanza, mmoja wa kuandika hesabu, mmoja wa kuongea na ofisi, na mmoja wa kupita nyumba kwa nyumba. Huyu wa mwisho awe mtu anayeheshimika mtaani, ikiwezekana mama mtu mzima. Kijana wa miaka ishirini akimwambia mama mwenye nyumba asitupe taka, neno linaweza kugeuka ugomvi. Mama mwenzake akisema neno lile lile, wanamalizana kwa kicheko.

Mkishadumu miezi kadhaa, jisajilini kupitia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Usajili unawawezesha kufungua akaunti, na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Vijana wanaotaka kununua guta na kugeuza kazi hii kuwa ajira waifikirie njia hiyo.

Vifaa

Kwa watu ishirini, hivi vinatosha kwa siku ya mtaro na kona:

- glavu nzito za mpira jozi 20, na za akiba 5
- gambuti jozi 6 kwa wanaoingia mtaroni tu
- chepe 5, reki 5, majembe 2, mafyekeo 3, mafagio ya chelewa 6
- salfeti au viroba 60, vile vya unga au saruji vilivyokwisha tumika
- toroli 2, ndoo 6, turubai 1
- dumu gumu lenye kifuniko kwa ajili ya sindano na viwembe, na koleo la mkaa la kuviokotea
- maji ya kunywa, maji ya kunawa, sabuni na kisanduku cha huduma ya kwanza

Vingi vya hivi viko majumbani, azimeni na muandike jina la mwenye kifaa kwa kalamu ya wino mzito kwenye mpini. Fedha kidogo mlizonazo zianzie kwenye glavu na gambuti. Fulana zenye maandishi ziwe za mwisho kabisa kwenye bajeti.

Siku yenyewe

Kutaneni saa 12:30 asubuhi na mkusudie kumaliza kabla ya saa 4. Jua la Dar baada ya hapo linamaliza watu nguvu, na mtu aliyechoka ndiye anayejikata.

Kabla ya kazi, msimamizi wa usalama aseme mambo machache, taratibu, na arudie. Hakuna anayeshika taka bila glavu. Hakuna anayeukanyagia mfuko kwa mguu kuushindilia, kwa sababu humo mna vioo. Sindano haiokotwi kwa mkono hata wenye glavu: inabanwa kwa koleo na kuingizwa kwenye dumu, na dumu likimalizika kazi linapelekwa zahanati. Watoto wanaweza kuokota karatasi uwanjani wakiwa na mzazi, ila hawaingii mtaroni. Waya wowote uliolala chini hauguswi.

Mtu akichomwa na sindano, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, asilikamue, na apelekwe kituo cha afya saa ile ile. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Ulizeni wiki moja kabla ni kituo gani cha karibu kina dawa hizo. Aliyekatwa na bati au kioo aulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mtaro huanziwa chini, pale maji yanapotokea, mkapanda kuelekea juu. Mkianzia juu, maji yaliyotuama yatawafuata yakiwa hayana pa kutokea, nanyi mtafanya kazi mkiwa mmesimama kwenye uchafu hadi magotini. Toeni kwanza vitu vikubwa, yaani matairi, magodoro na matawi, kisha chupa, kisha tope kwa chepe. Tope liwekwe upande mmoja juu ya turubai au kwenye salfeti zilizotobolewa lichuje maji, na lipakiwe siku hiyo hiyo.

Wakati huo huo watu watano wakae kwenye uchambuzi. Mafungu ni manne: chupa na plastiki ngumu, vyuma na makopo, mabaki ya chakula na majani, na yaliyobaki, pamoja na pampasi, ambayo yanaenda dampo. Msichome kitu. Moshi wa plastiki una sumu, na wanaouvuta ni watoto wa nyumba iliyo karibu nanyi.

Kwa mitaro, kalenda ya kweli ni ya mvua. Masika huanza Machi na vuli huanza Oktoba, kwa hiyo Februari na Septemba ndiyo miezi ya kuzibua. Miezi mingine fanyeni ulinzi na upandaji.

Pale palipokuwa na taka pawekwe kitu

Mahali patupu panaita taka. Ukiondoa lundo usiku ukaacha udongo mtupu, anayezoea kutupa pale ataona pako vile vile, pamepunguzwa tu. Hivyo urembo katika kazi hii ni ulinzi, na unapaswa kuanza siku ile ile. Hata mkikosa fedha, pangeni mawe pembeni na myapake chokaa, sawazisheni udongo, mfagie. Watu husita kutupa mahali panapoonekana pana mwenyewe.

Miti ipandwe mvua zinapoanza. Mwarobaini na mkungu hutoa kivuli kizuri uwanjani na kwenye kijiwe, ila msiipande kandokando ya ukuta wa mtaro, kwani mizizi itaupasua. Pembeni ya mtaro napenda mchaichai kuliko maua yoyote: unashika udongo, unaota haraka, na majirani wanaukata wa chai, hivyo kila mmoja anautunza. Kila mche uwe na nyumba yake inayoumwagilia, kwa jina, maana mche wa wote hufa kiangazi cha kwanza. Uzungushieni vijiti kuzuia mbuzi.

Matairi yaliyopakwa rangi yanapendeza kama vyungu vya maua, lakini tairi likishika maji ni mazalia ya mbu wa dengi, na Dar es Salaam ililipuka dengi mwaka 2014 na tena 2019. Litobolewe chini sehemu kadhaa na lijazwe udongo hadi juu. Kama hamna udongo wa kutosha, tairi liende.

Kuhusu mapipa ya taka, msimamo wangu ni mkali kidogo. Msiweke pipa hadi awepo mtu anayelipwa au aliyepangiwa zamu ya kulimwaga. Pipa lililofurika huwa kiini cha dampo jipya, na la chuma litaishia kwa mnunuzi wa skrepa. Mkishampata wa kulimwaga, tumieni pipa la plastiki lililotobolewa chini, limefungwa kwa mnyororo, na liwe mbele ya kibanda cha mtu anayelikubali.

Wiki sita za mwanzo

Baada ya siku kubwa, mtu mmoja apite kila asubuhi na kuondoa chochote kilichotupwa usiku. Mfuko mmoja ukilala pale hadi jioni, kesho itakuwa mitano. Kazi hii ni ya dakika kumi tu na ndiyo yenye thamani kuliko jasho lote la Jumamosi. Baada ya wiki kama sita mazoea mapya huwa yameanza kushika, na zamu zinaweza kupungua.

Mkimkuta anayetupa, salamu kwanza:

"Shikamoo mama. Hujambo na familia?"

"Marahaba mwanangu, hatujambo."

"Mama, tumeona gari la taka halijapita kwenu. Sisi tumeongea na kijana wa guta, anapita Jumanne na Ijumaa. Tumwambie aanze na mlango wako?"

Angalia hapo hapakuwa na lawama, wala hotuba ya mazingira. Mtu amepewa njia. Wachache watakaoendelea kwa ukaidi waacheni kwa mjumbe na ofisa afya. Halmashauri zina sheria ndogo zenye faini, na kazi ya kutoza si yenu. Msipige watu picha na kuzisambaza. Mtaa una kumbukumbu ndefu, na aliyeaibishwa ataupinga mradi wenu hata ukiwa na manufaa kwake.

Kijiwe cha bodaboda na mama lishe ndio walinzi wa kweli wa mahali hapo. Waulizeni wanataka nini pawe: kivuli, benchi, mahali pa kunawia. Likifanyika, palindeni pamoja.

Fedha za chupa

Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu kumi hadi ishirini hivi, kwa hiyo kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Msitarajie utajiri. Na kabla hamjaziuza, kumbukeni wapo watu wanaoishi kwa kuokota chupa katika eneo hilo hilo. Kikundi chenye glavu mpya kikiwazolea chupa zote, kimewanyang'anya chakula. Waiteni siku ya kazi, wapeni fungu la plastiki na vyuma, nao wawape uzoefu wao: wanajua bei, wanunuzi, na kona zote zinazotupwa taka usiku. Mkiamua kuuza wenyewe kwa ajili ya mafuta ya guta, bei na kiasi viandikwe kwenye daftari ambalo mwanakikundi yeyote anaweza kulifungua.

Andikeni, kisha muipeleke hesabu mkutanoni

Kila siku ya kazi andikeni idadi ya viroba kwa kila fungu, na mpige picha mkiwa mmesimama pale pale, mkielekea upande ule ule. Baada ya miezi mitatu mtajua kama taka zinapungua au mnazoa zile zile. Kama pampasi hazipungui, rudini kwa wapangaji. Kama chupa hazipungui, rudini kituoni.

Rwanda wana jambo la kuiga hapa. Umuganda, kazi yao ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hauishii kwenye majembe. Baada ya kazi wakazi hukaa kikao kuzungumzia mambo ya eneo lao. Fanyeni hivyo, hata robo saa chini ya mwembe, mikono imeshanawiwa. Kisha mkutano wa wakazi wa mtaa ukiitishwa, mmoja wenu asimame na daftari asome: viroba vingapi, vya nini, vimetoka upande gani, gari limepita mara ngapi kati ya zilizoahidiwa. Mwombe mtendaji na mheshimiwa diwani kitu kimoja tu, chenye siku na saa, kwa mfano gari lipite Jumanne na Ijumaa kabla ya saa 2 asubuhi, na ombi hilo liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Mkutano unaofuata, swali lenu la kwanza liwe hilo.